Unaota kucheza England? Sikia kwanza upepo wa Blackpool

SHANWE, MPANDA. JUMAMOSI ya Desemba, saa 12 jioni, vibanda umiza vya Shanwe hapa Manispaa ya Mpanda huwa vimeshajaa. Kiingilio jero, benchi la mbao, na anayechelewa anaangalia mechi akiwa amesimama mlangoni, jicho moja kwenye skrini na jingine kwenye bodaboda yake.

Kwenye skrini wapo Bournemouth au Brighton. Siyo Arsenal wala Manchester United, lakini timu hizo zipo kwenye mkeka wa mtu, kwa hiyo kelele ni zilezile.

Kuna kitu wengi humo ndani hawakijui. Muda huohuo, mkazi wa Bournemouth anayeishi mtaa wa pili kutoka uwanjani, kama hana tiketi, haioni mechi hiyo kwenye TV ya nyumbani kwake.

Waingereza wana utaratibu wa tangu miaka ya 1960. Jumamosi, kuanzia saa 8:45 mchana hadi saa 11:15 jioni kwa saa zao, mechi hazionyeshwi moja kwa moja kwenye televisheni za nchini mwao. Lengo ni watu waende viwanjani, hasa kwa timu ndogo zinazoishi kwa viingilio vya mlangoni.

Na uwanja wa Bournemouth ni mdogo, unaingiza watu kama 11,000 tu. Hivyo shabiki wa Shanwe mwenye jero yake anaiona Bournemouth kuliko maelfu ya wakazi wa mji wenyewe.

Anachokiona lakini ni dakika 90 na nyasi za kijani. Mji haonyeshwi. Baridi haonyeshwi. Kodi ya nyumba haonyeshwi. Na ukweli ni kwamba miji midogo ya pwani kama hiyo, siyo London, ndiyo imekutana mara nyingi na wachezaji wa kwetu Afrika Mashariki.

Samatta alianzia ufukweni

Historia yenyewe iliandikwa pwani. Februari 1, 2020, Mbwana Samatta aliingia uwanjani akiwa na jezi ya Aston Villa, mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu England. Ilikuwa ugenini, na ugenini kwenyewe ni hapohapo Bournemouth.

Villa walilala 2-1 siku ile. Philip Billing na Nathan Aké waliwafungia wenyeji kabla ya mapumziko. Kipindi cha pili Samatta akaruka na kupiga kichwa, mpira wavuni, na Tanzania ikapata mchezaji wake wa kwanza kucheza na kufunga kwenye ligi ile.

Villa ni timu ya Birmingham, katikati ya nchi, mbali na bahari. Samatta alikuja ufukweni siku moja, akafunga, akaondoka na basi la timu. Wapo waliokaa.

Victor Wanyama alikaa misimu mitatu Southampton, kuanzia 2013 alipotoka Celtic hadi 2016 alipokwenda Tottenham. Huyo ndiye Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu England. Southampton ni mji wa bandari, ule ule ambao meli ya Titanic iliondokea Aprili 1912.

Jonah Ayunga, straika wa Harambee Stars, aliichezea Morecambe, mji mdogo wa pwani ya kaskazini magharibi, kabla ya kwenda St Mirren ya Scotland.

Na wa kwetu wapo wawili, Adi Yussuf na Haji Mnoga. Hao tutawafikia.

Pwani isiyo na joto

Mtu wa Mpanda akisikia neno ufukwe, anafikiria Karema au Ikola, Ziwa Tanganyika, migebuka inayokaangwa na watoto wanaooga hadi jioni. Akifikiria mbali zaidi, anafikiria Zanzibar.

Pwani ya Uingereza ni kitu kingine. Ufukwe wa Brighton hauna mchanga, ni kokoto tupu. Ukitembea peku unaruka kama umekanyaga makaa. Bournemouth wana mchanga mzuri, ila maji yake hata Agosti huwa kwenye nyuzi joto 17 au 18. Januari yanashuka chini ya 10.

Blackpool bahari inakupwa hadi unaona mchanga mtupu hadi mbali, kisha inarudi na upepo unaopiga moja kwa moja kutoka magharibi. Uwanja wa Bloomfield Road upo dakika chache kwa miguu kutoka baharini. Kipa anayepiga mpira mrefu siku ya upepo anapaswa kujua kwamba unaweza kumrudia.

Kisha kuna suala la jua. Desemba, Brighton jua linachomoza karibu saa 2 asubuhi na kuzama kabla ya saa 10 alasiri. Mechi ya saa 9 alasiri inaanza na mwanga, timu zinarudi kutoka mapumziko ikiwa giza.

Ukipiga hesabu ya tofauti ya saa tatu kati yetu na wao, utagundua jua la Brighton na la Shanwe mwezi huo yanazama karibu muda mmoja. Tofauti ni kwamba la Shanwe limefanya kazi zaidi ya saa 12. La Brighton halijamaliza nane.

Juni mambo yanageuka. Giza linaingia baada ya saa 3 usiku na alfajiri inaanza watu hawajashiba usingizi. Kwa mchezaji Muislamu, Ramadhani ikiangukia miezi hiyo, funga inapita saa 16. Miaka hii ya karibuni imekuwa ikiangukia mwanzoni mwa mwaka, siku ni fupi, na tangu 2021 mechi za Ligi Kuu zimekuwa zikisimama kidogo ili wachezaji wafuturu.

Chakula cha mji wa pwani ni samaki wa kukaanga na chipsi, vinavyonyunyiziwa chumvi na siki. Mtu wa kwetu hapo hapati shida. Shida ni shakwe. Ndege hao wakubwa weupe wanashuka na kunyakua chipsi mkononi mwa mtu bila hofu. Brighton wamewafanya kuwa nembo ya timu yao, na jina la utani la timu ni hilo hilo, Shakwe.

Gesti tupu, mwisho wa reli

Kuna jambo moja ambalo mtu wa Mpanda anaweza kulielewa kuhusu miji hii kuliko hata mtu wa Dar es Salaam. Ni miji ya mwisho wa reli.

Mpanda ilipata reli yake ya tawi kutoka Kaliua enzi za mkoloni, kwa sababu ya madini ya risasi ya Mukwamba. Mgodi ukafa, reli ikabaki, na mji ukalazimika kutafuta kitu kingine cha kula.

Blackpool ni hivyohivyo, ila madini yake yalikuwa watu. Treni ndizo zilizoujenga. Viwanda vya nguo vya miji ya kaskazini vilikuwa vinafunga kwa wiki moja wakati wa kiangazi, na wafanyakazi wa mji mzima wanapanda treni kwenda baharini. Mnara wao wenye urefu wa mita 158 ulifunguliwa mwaka 1894. Wakajenga magati matatu ya starehe, kumbi za muziki, na mitaa na mitaa ya gesti.

Timu nayo ilikuwa kubwa. Fainali ya Kombe la FA ya mwaka 1953, Blackpool walikuwa nyuma 3-1 dhidi ya Bolton wakashinda 4-3. Stan Mortensen alipiga hat-trick, lakini watu wanaiita fainali ya Stanley Matthews, winga aliyekuwa na miaka 38 na bado anawakalisha mabeki.

Kisha zikaja ndege za bei poa. Kuanzia miaka ya 1960 na 1970, yule mfanyakazi wa kiwandani akagundua anaweza kwenda Hispania kwenye jua la uhakika. Gesti zikakosa wageni, wenyewe wakazikatakata vyumba na kupangisha kwa bei ya chini, na watu wasio na kazi kutoka miji mingine wakahamia.

Takwimu za serikali ya Uingereza za mwaka 2019 ziliiweka Blackpool namba moja kwa ufukara kati ya halmashauri zote za England. Huo ndiyo mji wenye taa za mapambo kilomita kadhaa kando ya bahari kila vuli.

Kiangazi umejaa. Novemba taa zikipungua na watalii wakiondoka, unabaki upepo, maduka yaliyoshusha mabati, na timu ya mpira. Ndiyo maana Jumamosi ina uzito kule. Kwa miezi mingi ya baridi, mechi ni kitu pekee kinachowatoa watu wengi nje kwa wakati mmoja.

Siyo miji yote ya pwani imechoka. Brighton ipo kama saa moja kwa treni kutoka London, ina vyuo vikuu viwili, na nyumba zake ni ghali. Huko shida ya kijana anayeanza maisha ni kupata chumba cha kupanga.

Adi na Haji

Adi Yussuf alizaliwa Zanzibar mwaka 1992, akakulia Uingereza na kupita kwenye timu ya vijana ya Leicester City. Ni straika mkubwa wa mwili, na alikuwemo kwenye kikosi cha Taifa Stars kilichokwenda Afcon ya Misri mwaka 2019.

Kiangazi hicho hicho akasajiliwa na Blackpool akitokea Solihull Moors ya daraja la tano. Kwa mchezaji wa ngazi hiyo, kuruka hadi daraja la tatu ni hatua kubwa. Lakini msimu haukwenda mbali, akatolewa kwa mkopo kurudi kulekule Solihull Moors.

Blackpool haikuwa pwani yake ya kwanza. Alishapita Grimsby Town, ambayo uwanja wake hata haupo Grimsby, upo mji jirani wa Cleethorpes, hatua chache kutoka majini. Alishapita na Barrow, mji unaojulikana kwa kuunda nyambizi za jeshi.

Ukiitazama safari hiyo kwenye ramani, unaona mtu anayezunguka ukingo wa nchi akitafuta dakika za kucheza. Hayo ndiyo maisha ya madaraja ya chini. Mkataba wa mwaka mmoja au miwili, mkopo wa miezi michache, mji mpya, chumba kipya, kocha mpya anayekuuliza unacheza wapi.

Haji Mnoga ni kisa kingine. Yeye hakwenda pwani, alizaliwa huko. Ni mtoto wa Portsmouth, mwaka 2002, mwenye asili ya Tanzania. Akaingia akademi ya timu ya mji wake na mwaka 2018, akiwa na miaka 16 tu, akacheza mechi yake ya kwanza ya wakubwa.

Baada ya hapo naye ilikuwa mikopo. Bromley, kisha Weymouth, mji wa pwani ulioandaa mashindano ya mashua ya Olimpiki ya 2012, baadaye Gillingham na Aldershot. Mwaka 2024 aliondoka Portsmouth moja kwa moja na kujiunga na Salford City. Miezi michache kabla ya hapo alikuwa na Taifa Stars kwenye Afcon ya Ivory Coast.

Mashabiki wa hapa nyumbani wakisikia mchezaji anacheza England, wengi wanafikiri ana gari la kifahari na jumba. Adi na Haji ni wachezaji wa kulipwa walioishi kwa miguu yao, na hilo peke yake ni jambo la heshima. Ila wamelipata kwa kuhama, kusubiri na kuanza upya.

Timu inapotaka kuzama

Kuna hatari nyingine inayozikumba timu za pwani. Timu ya Birmingham au Manchester ina watu pande zote nne. Timu ya ufukweni, upande mmoja ina samaki. Mashabiki ni wachache, viingilio ni vichache, na mmiliki akivurunda hakuna wa kuziba pengo.

Portsmouth walibeba Kombe la FA Mei 2008, Nwankwo Kanu akifunga bao pekee dhidi ya Cardiff. Chini ya miaka miwili baadaye, Februari 2010, madeni yakawafanya kuwa timu ya kwanza ya Ligi Kuu kuwekwa chini ya msimamizi wa mufilisi. Wakakatwa pointi tisa, wakashuka, wakaendelea kushuka hadi daraja la nne mwaka 2013.

Mwaka huo mashabiki walichanga hela na kuinunua timu yao. Waliiendesha hadi 2017 walipokubali kuiuza ikiwa imesimama. Mtoto Haji Mnoga alikuwa na miaka sita kombe lilipofika mjini, na 11 wakati majirani zake wakichangishana.

Brighton waliuziwa uwanja wao wa Goldstone, na mwaka 1997 wakalazimika kuuacha. Mei mwaka huo walihitaji sare ugenini Hereford wasitupwe nje ya ligi, wakaipata, 1-1. Misimu miwili iliyofuata wakacheza mechi za nyumbani Gillingham, zaidi ya kilomita 100 kutoka mjini kwao. Wakarudi kwenye uwanja wa riadha wa Withdean, wakakaa hapo hadi 2011 walipopata uwanja wao mpya pale Falmer. Mwaka 2017 wakapanda Ligi Kuu. Mwaka 2023 wakamaliza nafasi ya sita na kwenda Ulaya.

Blackpool nao walipanda Ligi Kuu mwaka 2010, wakashuka baada ya msimu mmoja, kisha mashabiki wakagombana na wamiliki hadi maelfu wakasusia uwanja kwa miaka. Walirudi kwa wingi Machi 2019 wamiliki hao walipoondolewa. Adi Yussuf alitua miezi michache baadaye, kwenye mji uliokuwa umetoka kupatana na timu yake.

Mwaka 2025 ikawa zamu ya Morecambe. Timu ilisimamishwa kwenye ligi Julai, mishahara ikiwa haijalipwa, na ikaokolewa Agosti baada ya kupata wamiliki wapya.

Shabiki wa Coastal Union anaijua hadithi hii bila kufundishwa. Wagosi wa Kaya walikuwa mabingwa wa Bara mwaka 1988, na Tanga nzima inakumbuka jinsi ilivyokuwa safari ya kushuka na kurudi.

Njia ya kufika

Sasa kijana wa Shanwe anayepiga danadana peku afanyeje?

Cha kwanza, ajue sheria. Tangu Januari 2021, mchezaji wa nje anayetaka kusajiliwa England anapimwa kwa pointi. Wanaangalia mechi alizocheza timu ya taifa na nafasi ya taifa hilo kwenye viwango vya Fifa, ubora wa ligi anayotoka, na dakika alizocheza. Adi na Haji hawakukutana na ukuta huo kwa sababu walikulia kule. Anayetoka hapa atakutana nao.

Cha pili, umri. Klabu za England haziruhusiwi kusajili mchezaji kutoka nje ya nchi mwenye umri chini ya miaka 18. Kwa hiyo mtu akija mtaani na karatasi akisema amempatia mtoto wa miaka 15 timu Uingereza, na familia iuze shamba la mpunga au ng'ombe kwa ajili ya viza na majaribio, hapo hakuna timu. Wakala wa kweli ana leseni ya Fifa, na jina lake linaweza kuangaliwa kabla ya kutoa hata shilingi.

Cha tatu, njia ipo, ila haianzii ufukwe wa Brighton. Samatta alitoka Mbagala, akapita African Lyon na Simba, kisha akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi. Huko akabeba Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2015 na kuchaguliwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Ndipo Genk ya Ubelgiji ikamchukua, na miaka minne baadaye Villa.

Mazembe ipo Congo. Kwa mtu wa Katavi, Congo ni ng'ambo ya ziwa. Ukisimama Karema siku ambayo hewa ni safi, milima unayoiona upande wa pili ni nchi ambayo Samatta aliitumia kama ngazi.

Mechi inaisha kama saa 2 kasorobo usiku. Bournemouth wametoka sare, mkeka wa mtu umechanika kwa timu moja, na ubishi unahamia nje kwenye mwanga wa muuza chipsi. Hapa hakuna shakwe wa kuzinyakua.

Kule Bournemouth muda huo ni saa 11 kasorobo jioni, giza limeshatanda kitambo, na watu 11,000 wanafunga makoti wakirudi makwao. Wale waliobaki nyumbani ndiyo kwanza wanasubiri kuona mabao.